Kumbukumbu Isiyooshwa

Kabla hajaona chochote, Fundi alisikia harufu. Ilikuwa ya tambara la kudekia lililosahaulika ndooni wiki nzima, na ilitoka kwenye simu yake. Aliifuta simu kwa pindo la koti, akainusa tena, akajicheka. Tangu lini picha ikanuka?

Kisha akaitazama picha yenyewe.

Ilikuwa ya mtoto wa dada yake, aliyezaliwa miezi miwili kabla ya siku zake, sasa yumo kwenye kisanduku cha joto hospitalini. Juu ya kila kisanduku wodini humo kulikuwa na kamera ndogo kama kiberiti, na programu yake aliiandika Fundi kwa mikono yake mwenyewe. Chipu ya ndani haikufika ukubwa wa kucha, na kumbukumbu yake ilikuwa finyu mno kumeza picha nzima. Basi aliifundisha kula tonge kwa tonge. Picha ikatwe vipande kumi na sita. Kipande kimoja kiwekwe kwenye kumbukumbu, kitumwe, kisha kinachofuata kilazwe palepale kilipolala mwenzake. Simu ndiyo inayoviunganisha.

Vipande kumi na tano vilikuwa vya mtoto. Kile cha kwanza, cha juu kabisa, upande ilikoelekea miguu yake, kilikuwa ngozi ya mtu mwingine: ya kijivu, imevimba, imelowa, inachubuka kama utando wa maziwa yaliyochacha.

Akampigia dada yake. "Dada, miguu ya mtoto iko sawa?"

"We mama mdogo una maswali! Ipo miwili, nimehesabu." Kicheko chake kikafifia. "Ila ya baridi. Nesi kamvika soksi mbili, wapi."

Baada ya dakika kumi ikaja picha nyingine. Sasa vilioza vipande vitatu. Dada akapiga mwenyewe, ananong'ona. "Baridi imefika magotini. Na rangi... njoo, mdogo wangu. Njoo."

Fundi aliingia ofisini kwa Bosi bila kubisha. Alimkuta anachokonoa meno kwa kona ya kadi yake ya kazi.

"Kamera zile ulizijaribia wapi?"

"Kwa watu wasiotikisika." Akacheka peke yake. "Kamera yako inasoma kipande kwa kipande, polepole. Aliye hai akijikuna, picha inachanika. Nikazishusha mochwari wiki tatu. Picha zilitoka safi!"

Fundi akaisogelea meza yake. "Nani aliruhusu?"

"Nani alikataa?"

"Maiti hawezi kukataa, ndiyo maana wanaulizwa wenye maiti! Umewapiga watu picha uchi, mezani, ili mashine yako ipendeze?" Kisha wazo jingine likamchoma. "Na amri niliyoandika ya kufuta kumbukumbu baada ya kila picha?"

"Niliitoa. Ilikuwa inachelewesha nusu sekunde."

"Zima kamera zote."

"Wageni wanakuja saa tisa. Usinichafulie siku."

Akaichafua. Alikimbilia hospitalini, akachomoa waya wa kamera ya mtoto. Taa yake ilizimika, lakini simu ikaita: picha mpya, vipande sita vimeoza. Miguu yote ya mtoto ilikuwa ya kijivu, na nesi alikuwa anapiga simu ya tatu kumtafuta daktari.

Fundi akashuka mochwari, kwani hakujua pa kwenda pengine. Mwosha maiti alikuwa mama wa makamo, amevaa buti za mpira. Aliinusa simu kabla hajaitazama.

"Huyu si marehemu," alisema kwa sauti ya chini. "Marehemu nimewaosha wote, wamekwenda zao. Hili ni jini la mferejini. Linakaa chini ya meza, linakunywa maji ya mwisho. Ndiyo maana hapa halazwi mtu mezani kabla meza haijaoshwa. Nyinyi je?"

"Sisi tuliwalaza wote mahali pamoja, mama. Mmoja juu ya mwingine. Bila kufuta."

"Mmelitandikia, basi. Nenda kaoshe meza yako, mwanangu. Ukingo hadi ukingo."

Wodini tayari vilikuwa vipande kumi. Fundi akapiga magoti, akaunganisha kompyuta na kamera, akaanza kuandika amri ya kufuta kipande kwa kipande, vidole vikiteleza kwa jasho, huku kifua cha mtoto kikikoroma kama bomba la sinki lililoziba, huku uvundo ule ukimlala ulimini hata akawa anaumeza kila akimeza mate, na kutoka kwenye tundu la kamera, ambalo halikuwa na spika wala kitu chochote cha kutoa sauti, kitu kikilamba, kikilamba taratibu, kikinong'ona kwa raha ya mlafi, "Kingine... niletee kingine..." na dada yake akiziba masikio ya mtoto kwa vidole viwili, analia bila kutoa sauti asije akakifurahisha.

Akabonyeza.

Kamera ilitapika. Ulitoka ute mweusi, mzito, wenye nywele na mapovu ya sabuni, ukatiririka juu ya kioo cha kisanduku, ukadondoka sakafuni bonge kwa bonge. Nesi akakimbilia sinki. Kisha mtoto akapiga kelele, kelele kali ya mtu aliyeonewa, na rangi ikashuka mwilini mwake kama chai inavyoshuka kwenye maji moto: kifua, tumbo, mapaja.

Mlango ukafunguliwa. Bosi alisimama na wageni wake, ameziba pua kwa tai. "Nani kamwaga uchafu huu?"

"Wako huo," Fundi alimjibu mbele yao. "Nusu sekunde yako hiyo. Okota."

Wiki tatu baadaye mtoto alikuwa nyumbani. Fundi alikaa sebuleni, anaandika malalamiko juu ya Bosi, na ili ushahidi ukamilike alifungua ile amri aliyoiandika amepiga magoti. Alikuwa hajaisoma tangu siku ile.

Mashine huanza kuhesabu na sifuri. Kila fundi anajua hilo kabla hajajua kingine chochote. Kipande cha kwanza ni namba sifuri. Yeye, kwa hofu, alihesabu kama binadamu. Alifuta kuanzia moja, sifuri ikabaki.

Aliisoma mara tatu.

"Mama mdogo, njoo uone vituko," dada yake aliita kutoka kwenye kiti cha pili. Alikuwa amempakata mtoto, kamvua soksi, na anamkata kucha za miguu kwa meno, kama kina mama wanavyofanya wakiogopa wembe. Kidole kimoja kilikuwa kinywani mwake. "Kucha zake nene, za njano, kama za bibi kizee! Jana tu nimezikata."

Akatafuna, akatema kipande kiganjani, akakunja uso.

"Na kila siku zina ladha ya sabuni," alisema, akachukua kidole kinachofuata.