Daftari la Moja Kumi na Moja

Droo ilikuwa wazi, na Daftari la Kumi halikuwamo.

"Nimeibiwa, Sifuri!" alifoka mwalimu mstaafu wa hesabu.

Inspekta alirekebisha kofia yake. Vyeo vyote hivi begani, na mzee bado anamwita jina la darasani!

"Lilikuwa na nini, Mwalimu?"

"Kazi yetu ya miezi minane!"

Kazi yenyewe ilikuwa namba moja tu: moja kumi na moja mstari mmoja, 11,111,111,111. Mwalimu alitaka kujua kama ni namba tasa au inagawanyika. Kwa miaka saba, kila siku baada ya chakula cha mchana, yeye na mkewe waliigawa kwa namba tasa moja, kwa mkono. Zinazoishia na moja au tatu zilikuwa za mume. Zinazoishia na saba au tisa, za mke. Kikokotoo marufuku.

Inspekta alikagua kitasa. Hakikuvunjwa. Saa ya dhahabu ya Mwalimu ilikuwamo bado drooni. Mwizi gani anaacha dhahabu anabeba mahesabu? Makubwa!

Alimwomba mzee angoje barazani, mkewe akabaki chumbani. Kisha akachukua karatasi ambazo mke alizitumia kujaribia mahesabu, akaipaka ya juu penseli taratibu. Alama za karatasi iliyochanwa zikajitokeza: 21,649 mara 513,239. Akazidisha, jasho likimtoka kama zamani ubaoni. Moja kumi na moja zikajipanga zote.

"Mama, 21,649 inaishia na tisa. Ilikuwa zamu ya nani?"

"Yangu. Jumatatu."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba haikugawanyika, imebaki tatu."

"Daftari liko wapi?"

"Chini ya godoro. Leo Jumamosi, siku anayokagua kazi yangu. Angeona."

"Lakini ndilo jibu alilolitafuta miaka saba!"

"Ndiyo maana nikaliiba." Alijifuta macho kwa upande wa khanga. "Tangu binti yetu aolewe mbali, mume wangu haongei nami. Mchana tu ndipo ananivutia kiti, ananiuliza, 'Imebaki ngapi, mke wangu?' Naingoja sauti hiyo tangu asubuhi. Daftari lingepotea, tungerudia miezi minane. Miezi minane, mwanangu! Nina hamu naye, na yuko humu humu ndani."

Inspekta alimkumbuka mkewe, ambaye wiki nzima yeye mwenyewe alikuwa akimjibu "mm" tu. Moyo ukamuuma.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Akaichukua ile karatasi, akaisoma mara mbili. Inspekta akangoja shangwe.

Mzee akaigeuza karatasi kifudifudi mezani. Akavuta kiti, akakaa karibu na mkewe.

"Mke wangu," alisema, akasita. "Chai yako... huwa unatia sukari vijiko vingapi?"

"Viwili," alijibu mama, akaangua kilio.

Mwalimu akainuka kwenda jikoni. Baada ya kitambo akarudi mlangoni, mikono mitupu, kuuliza sukari inawekwa wapi.