Masanduku ya Jazi Kutoka Nshamba

Alistidia aliweka kiganja juu ya sanduku la santuri akakuta lina joto. Halikuwa joto la jua, maana mvua ilikuwa ikinyesha Bukoba tangu asubuhi na chumba cha nyuma kilikuwa baridi. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Akafuta mkono kwenye khanga, akatoka akiwa amenuna, kwa sababu tangu masanduku yale yaingie ndani hakuwa na namna nyingine ya kuyatazama.

Na alikuwa na haki ya kununa. Chumba kile alikipaka chokaa kwa mikono yake mwenyewe, akatandika kitanda, akaweka beseni jipya, kwa kuwa Joanitha, mtoto wao wa pekee, alikuwa amejifungua Mwanza na Jumapili angekuja nyumbani kutunzwa uzazi. Mjukuu wa kwanza. Halafu mume wake Kagaruki, mwanaume mzima mwenye mvi, aliyefundisha tarumbeta za kanisa la Kilutheri hadi alipostaafu, akaenda Nshamba kutazama santuri za mtu, akarudi na masanduku mawili ambayo kila moja lilitaka watu wawili kulibeba.

"Sijanunua," Kagaruki alisema. "Ndyamukama amenipa nisikilize hadi Jumapili. Nikiyapenda nanunua, nisipoyapenda narudisha."

"Na mtoto atalala wapi? Juu ya hizo santuri?"

"Mama Joanitha, waitu, tafadhali, hii ni jazi ya Wamarekani ya kabla ya vita. Haipatikani tena."

"Nyimbo hizo hizo unazo kwenye simu."

Masanduku ya namna ile hutengenezewa watu wasiotosheka: wimbo mmoja umerekodiwa mara sita, ile mara mpiga ngoma alipokosea na ile mara mwimbaji alipokohoa, vyote vimehifadhiwa na kupangwa, pamoja na kitabu kinene cha picha. Kagaruki alishinda akibishana na nafsi yake. Asubuhi alisema ni upuuzi, nani anahitaji wimbo mmoja mara sita. Mchana alisema watu huwajui mpaka uwasikie wakikosea. Jioni alikuwa anapima ukuta, atundike rafu. Mke wake alitamani kumpiga na kile kitabu.

Alhamisi alasiri alimwita kutoka chumba cha nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Njoo usikilize. Usiseme kitu, sikiliza tu."

Alistidia aliingia na mwiko mkononi, tayari kugomba. Kagaruki akashusha sindano kwenye santuri. Tarumbeta ikalia, ikapumzika, na katika lile pumziko mtu akasikika akivuta pumzi.

"Ni mpigaji," alisema Alistidia.

"Mpigaji mimi namjua anavyovuta. Huyu yuko nyuma, mlangoni. Sasa sikiliza mara ya pili."

Mara ya pili wimbo ulikuwa uleule, na pumzi ilikuwa imesogea, imeshapita mlango. Mara ya tatu ilikuwa kati ya ngoma na kinanda. Mara ya nne wapigaji walianza kukosea, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kila mmoja aligeuka kutazama kitu. Mara ya tano tarumbeta ilinyamaza katikati na haikurudi, na mara ya sita hapakuwa na bendi kabisa, palikuwa na pumzi peke yake, nzito, yenye makohozi, inasogea na kusogea hadi kitambaa cha spika kikawa kinavimba na kunywea, na chumba chote kikanuka kahawa mbichi inayochemshwa na majani, na chini ya harufu hiyo ikawepo harufu nyingine ya damu iliyolala, na ndipo ile pumzi ikageuka kuwa sauti ya mwanaume, ikasema, kwa Kihaya cha wazee wa Muleba, ndani ya santuri iliyorekodiwa Amerika kabla yeye hajazaliwa:

"Kagaruki, ndugu yangu, mtoto wetu analetwa lini?"

Alistidia aling'oa waya ukutani. Sahani ya santuri ikasimama. Pumzi ikaendelea kidogo, kisha ikaacha.

Walitoka hadi jikoni. Pale mwanamke alimgeukia mumewe, na hofu yake yote ikawa hasira.

"Ulifanya nini kwa Ndyamukama?" alinong'ona. "Sema kweli."

"Sikufanya kitu. Nilijaribu mashine yake, sindano ikanichoma kidole. Tukakaa. Akaniletea kahawa ya kutafuna, kama kawaida."

"Kama kawaida vipi?"

Kagaruki alitazama sakafu. "Alipasua tunda moja. Mbegu moja akanipa mimi. Ile ya pili aliiweka juu ya sanduku. Nilidhani utani wa wazee."

"Ukaipokea kwa kidole chenye damu."

"Ningekataaje kahawa nyumbani kwa mtu?"

Adabu. Adabu ya Mhaya ndiyo iliyomponza mjinga huyu. Mgeni akikataa kahawa ni kama amemwita mwenyeji mchawi, kwa hiyo hakuna anayekataa, na Ndyamukama alilijua hilo vizuri sana. Lakini hata mtoto amesikia habari za omukago, udugu wa damu wa watu wa kale: wawili wanagawana mbegu mbili za tunda moja la kahawa, zimeguswa na damu, wanameza. Tangu siku hiyo mlango wa mmoja ni mlango wa mwingine, na mtoto wa mmoja ni mtoto wa wote wawili.

Alistidia alimpigia Ndyamukama simu palepale.

"Umemfanya nini mume wangu?"

"Kaka yangu amefariki mwezi uliopita," alijibu Ndyamukama, kwa upole uliomchefua. "Yule mnayemsikia alikuwa ndugu yake wa damu. Alirudi naye kutoka ng'ambo pamoja na hizo santuri. Baada ya mazishi akaanza kuniita mimi. Ulitaka nifanyeje, mama? Mimi nina watoto."

"Na sisi tuna mawe?"

"Sikumlazimisha. Nilimpa kahawa, akatafuna."

Alimtukana kwa Kihaya, matusi ambayo mke wa mwalimu wa kanisa hakupaswa kuyajua, mpaka simu ikakatwa.

Ijumaa Kagaruki alirudisha masanduku. Hakuwa na la kufikiria tena: hanunui, hata akipewa bure. Alikodi pikapu, akayashusha uani kwa Ndyamukama bila salamu, akarudi Bukoba amenyooka mgongo. Alioga, akakaa sebuleni, akachukua tarumbeta yake apige wimbo wa kanisa kuituliza nyumba. Alistidia alikuwa kizingitini, anamenya ndizi.

Kagaruki alimaliza ubeti, akaiweka tarumbeta mapajani. Ubeti uliofuata ukaendelea.

Ulipigwa polepole, na pumzi yenye makohozi. Kagaruki hakupiga kelele. Aliketi akiitazama tarumbeta yake ikilia mapajani pake, na kitu kilichomkasirisha mke wake kuliko yote ni kwamba mume wake, huku machozi yakimtoka, alikuwa anatikisa kichwa kufuata mapigo.

Jumamosi alimwita Mwamvita. Kanisani wangemsema, na wamseme. Mwamvita alikuwa jirani yao Mwislamu, mwanamke ambaye babu zake walitoka pwani, na aliyekuwa akitoa majini bila kutangaza. Alikuja mchana na chetezo cha ubani, akaomba Kagaruki akae sebuleni, akaanza kusoma. Moshi ulitambaa chini, ukampita Kagaruki, ukafika kwenye kiti kitupu kilichokuwa kando yake. Hapo ukagawanyika. Ulipita upande huu na upande huu, ukaacha katikati nafasi yenye mabega.

Mwamvita akaacha kusoma. Alimvuta Alistidia hadi uani.

"Dada, mimi natoa mgeni. Huyu si mgeni."

"Masanduku tumerudisha."

"Hakai sandukuni. Anakaa alipo ndugu yake." Alishusha sauti zaidi. "Na anasubiri. Amenihesabia walio nyumbani humu, na mtoto amemweka ndani ya hesabu."

"Mtoto hajafika."

"Nimekwambia alichosema. Kesho usimlaze kichanga chini ya paa moja na mume wako."

Alistidia alimsindikiza Mwamvita hadi njiani. Alimpenda yule mzee. Alimpenda tangu alipokuwa kijana wa tarumbeta mwenye soksi zisizofanana. Akaingia ndani, akatoa begi la mume wake uvunguni, akaanza kutia nguo.

"Mama Joanitha," alisema Kagaruki mlangoni. "Nitalala stoo. Nitalala nje."

"Utalala kwenye kibanja cha baba yako, Muleba. Nyumba ipo, ndizi zipo."

"Ni mjukuu wangu."

"Ndiyo. Ndiyo maana unakwenda." Alifunga zipu kwa nguvu hadi ikakwama, akaifungua, akaifunga tena. "Ulitaka muziki, umepata mpigaji. Nenda na ndugu yako."

Alikwenda. Kwenye gari lililompeleka, watu hawakutaka kukaa karibu naye, ingawa kando yake palikuwa na nafasi.

Jumapili Joanitha alifika na mtoto wa kiume, mwekundu, mwenye paji la uso la babu yake. Chumba cha nyuma kilinuka chokaa na sabuni tu. Alistidia alimwogesha mjukuu, akambeba, akamsikiliza akipumua, na hakusikia pumzi nyingine. Joanitha alipouliza baba yuko wapi, aliambiwa kuna kazi shambani.

Jioni simu ililia. Alistidia alitoka nayo barazani.

"Amefika?" aliuliza Kagaruki.

"Amefika. Mzima."

"Anafanana na nani?"

Alimsikia mume wake akilia kule Muleba, na hasira yote ya wiki nzima ikamwishia mara moja, ikamwacha mtupu.

"Baba Joanitha," alisema, "njoo umwone. Njoo kesho, nitakupikia. Lakini njoo peke yako."

Kisha Kagaruki akamuuliza mtu aliyekuwa kando yake jambo fulani, kwa sauti ya chini, akasubiri, akajibiwa.

"Anasema hapana," alisema Kagaruki. "Anasema tuje wote."

Alistidia alizima simu, akatoa laini, akaivunja vipande kwa meno. Akaingia ndani akafunga mlango, na Joanitha alipomuuliza nani alikuwa akipiga, alisema ni mtu wa santuri, anataka kujua kama tutanunua.