Rufaa ya Mwalimu Futa

Kiti cha katikati kilikuwa na joto. Mwalimu alikiegemea kwa mkono huku akitafuta miwani yake, akauondoa mkono haraka, kwa sababu lilikuwa lile joto la mtu aliyeinuka sasa hivi, na chumba kilikuwa kimefungwa tangu Ijumaa, ufunguo anao yeye.

Chumba chenyewe ni darasa lililovishwa sura ya mahakama: jukwaa la mbao, viti vitatu virefu vya majaji, na chini ya jukwaa meza mbili za mawakili, moja ya mwenye kukata rufaa na moja ya mpinzani wake. Hapo ndipo alipowafundisha vijana wa sheria kuandika hoja za rufaa na kusimama kuzitetea. Wenyewe walimwita Mwalimu Futa. Ukimpelekea kurasa ishirini, anakurudishia sita, na hizo sita nazo zimejaa majeraha ya wino mwekundu. Mahakama ya rufaa, alikuwa akisema, haipokei mapya. Inasoma kumbukumbu za kesi, basi. Ambacho hakimo kwenye kumbukumbu, mbele ya majaji hakipo. Vijana walimwigiza kantini, wakiyasemea puani maneno hayo, na alikuwa anajua.

Nyumbani hakukuwa na wa kumwigiza. Mkewe alifariki mwaka uliopita, na tangu siku hiyo mwalimu alikula amesimama jikoni, sahani moja, kijiko kimoja, kisha akalala na redio. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipiga simu kila Jumapili kumuuliza hali, naye alijibu mzima, na mazungumzo yakaishia hapo. Alikuwa na upweke wa kumtia mtu wazimu, na hakumwambia yeyote.

Kwa hiyo jioni alibaki darasani. Vijana wakishaondoka, alisimama kwenye meza ya mkata rufaa akafanya mwenyewe yale aliyowafundisha: inama kidogo, sema unamsimamia nani, toa hoja zako, na mwisho uwaambie majaji kwamba uko tayari kwa maswali. Aliviambia viti vitupu kila siku. Ni mazoea ya kazi tu, na wanasheria hawaoni ubaya wa kuzungumza na viti.

Jioni ya siku ile kiti kilipokuwa na joto, alisema tena kwamba yuko tayari kwa maswali, na pakaja harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kisha kiti cha katikati kikauliza, kwa sauti ya chini, ya mtu asiye na haraka:

"Unaomba nini?"

Mtu mwenye watu wake nyumbani angetoka mbio, viatu akaviacha. Lakini mwalimu hakuwa ameulizwa swali la maana kwa muda mrefu, na lile ndilo swali alilowakaririsha vijana miaka yote, kwamba jaji atataka kujua kwanza unaomba nini. Yeye alibaki. Akaomba muda wa kujiandaa. Akapewa.

Kuna binti mmoja wa mwaka wa mwisho aliyeitwa Bi Pole, kwa sababu ya kusema taratibu. Alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya hoja, na jioni ile alikuwa ukumbini akisubiri chumba kiachwe wazi. Mwalimu alipotoka, alimsogelea karibu sana.

"Mwalimu, ulikuwa na nani humo?"

"Nilikuwa najizoeza."

"Nimekusikia ukijibu," binti akanong'ona. "Wa kuuliza sikumsikia."

Mwalimu alicheka kidogo akaenda zake. Usiku huo aliandika. Aliandika mke wake mzima mzima: alivyokuwa akinuna kwa jambo dogo, pengo la meno ya mbele, kovu la kidevuni, uso wake alipokuwa akizuia kicheko. Kisha akaanza kufuta, maana ndivyo alivyozoea. Uso ndio aliofuta kwanza. Kila alipofika hapo akijizoeza kuisema, sauti ilimkatika, na wakili hasimami mbele ya mahakama akalia. Zikabaki hoja tatu ambazo angeweza kuzisema kwa macho makavu: ndala zake ukumbini, kikohozi chake kifupi, na swali lake la kila jioni, umekula?

Kesho yake alisimama mbele ya kiti. Akaomba kifo kile kibatilishwe na mkewe arudi. Akatoa hoja zake tatu, nzuri, fupi, bila neno la ziada. Kiti kikauliza nani anasimama kwenye meza ya pili. Mwalimu akaitazama. Akasema hakuna.

"Rufaa imekubaliwa," kikasema kiti.

Alifika nyumbani giza likiingia, akafungua mlango, na kutoka ukumbini akasikia ndala, zile zile, moja ikiburuta kuliko mwenziwe, na kikohozi kifupi, na sauti aliyokuwa akiitafuta kwenye mto kila alfajiri ikamuuliza, "Umekula?", naye akaacha mkoba ukaanguka akakimbia huku machozi yanamtoka na mikono ameitanguliza, akamshika mabega, yakawa mabega kweli, yana joto, akamgeuza kwenye mwanga wa jikoni ili amwone, na pale penye kukaa uso palikuwa laini kama kiganja cha mkono, bila jicho, bila pengo la meno, bila kovu, na kutoka huko kusiko na mdomo ikatoka tena ile sauti, kwa upendo ule ule, "Umekula?"

Alijifungia chumbani. Ndala zilikuja mlangoni, zikasimama. Akalijibu lile swali kwamba amekula. Likaulizwa tena. Akajibu bado. Likaulizwa tena, mpaka kulipopambazuka, kwa sababu kwenye rufaa hakuwa amemwandikia mkewe neno lingine lolote.

Asubuhi alimweleza Bi Pole yote. Binti hakucheka.

"Upande wa pili haukusikilizwa," akasema. "Hukumu ya namna hiyo haisimami. Rudi uombe ipitiwe upya. Mimi nitakaa meza ya pili, niseme marehemu ana haki ya kupumzika."

"Huogopi?"

"Naogopa sana, Mwalimu."

Jioni walisimama kila mtu na meza yake. Harufu ya majivu ilikuja kabla hata hawajainama. Bi Pole alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Unaomba nini?" kikauliza kiti.

Ilibaki sentensi moja tu, na mwalimu alikuwa nayo mdomoni: arudi alikotoka. Ndipo nyuma ya mlango, ukumbini, zikasikika ndala, moja ikiburuta. Zimemfuata. Kikaja kikohozi kifupi, kisha lile swali, taratibu, la mtu aliyesubiri siku nzima. Mwalimu akapaona jikoni kwake, sahani moja na kijiko kimoja, na redio ikiongea peke yake.

"Naondoa maombi yangu," akasema.

"Mwalimu, hapana," akanong'ona Bi Pole. "Tafadhali."

Alikusanya karatasi zake. Akamwomba binti abaki ndani mpaka ukumbi unyamaze, na asimamapo kwenye mashindano yake asifute kitu, hata yale ya kumliza. Kisha akafungua mlango, akatoka huku anatazama sakafu, akatangulia kuelekea ngazi. Ndala zikamfuata nyuma, hatua kwa hatua.

"Umekula?"

"Bado," akajibu, bila kugeuka. "Twende nyumbani."