Hesabu ya Tabaka la Nne

Baada ya mlipuko, visikizi, vijiroboti vya kusikiliza, viliingia kwenye kifusi, mamia kwa mamia, vidogo kama mende. Kila kimoja kilikuwa na kazi moja: kumtafuta mtu, kumsikiliza, na kutuma vipimo vyake juu. Katika chumba cha mitambo cha mgodi wa Kilindoro, Injinia Nakijwa Mshana aliitazama orodha ikijaa majina ya wachimbaji wa tabaka la nne. Kisha kihesabu, ubongo wa mtambo wa uokoaji, kikapita jina kwa jina kikihesabu waliotimiza sharti la uhai aliloliandika yeye mwenyewe: anapumua, na anasogea. Yote mawili kwa pamoja. La pili aliliongeza baada ya upepo wa mabomba kuhesabiwa kuwa pumzi katika majaribio.

Jibu likaja: sifuri.

Moshi ulikuwa unashuka kuelekea tabaka la tano, walikokuwa wachimbaji wengine wengi. Mtambo haukungoja amri ya mtu. Ulimwaga zege la povu, likafura, likaganda, njia ya tabaka la nne ikazibwa.

Mwalimu Mbwambo, aliyewafunza wachimbaji kujiokoa, aliingia akihema. "Vijana wangu wa la nne wanaendeleaje?"

"Pole, Mwalimu. Hakuna aliye hai. Hakuna hata aliyetikisa kidole."

"Watikise kwa lipi? Ukifukiwa, lala kama gogo, hewa ikutoshe. Mmoja alijikuna kwenye mazoezi, wenzake wakamwita Upupu mwaka mzima." Alicheka kidogo. Kisha akauona uso wa Nakijwa, kicheko kikamkauka mdomoni.

Nakijwa alifuta sharti la pili, akaacha pumzi peke yake. Kihesabu kikaipitia tena orodha ile ile.

Tisa.

"Vunja hilo zege," Mbwambo alisema.

"Halivunjiki kabla ya kesho kutwa. Nilitaka liwe hivyo."

Simu ya mkurugenzi ikaita. "Injinia, nasikia mashine imekosea?"

"Haikukosea, bosi. Imehesabu nilichoiagiza."

Alipokata simu, kioo kilikuwa kinaonyesha saba. Mbwambo alijikalia sakafuni, mgongo ukutani.

"Zima hicho kidude, mwanangu."

"Hapana."

"Sasa unangoja nini?"

"Hesabu ya kwanza iwe kweli."