Uzi Mwekundu kwenye Kibodi

Kila siku masomo yakiisha, mjukuu wangu Bitutu huja moja kwa moja kwenye kibanda chetu cha ushonaji hapa Suna. Huweka mkoba chini ya meza, huokota vipande vya kitambaa sakafuni, kisha hunisimulia habari za klabu ya kompyuta huku mimi nikikanyaga cherehani. Yuko gredi ya saba. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kwa masimulizi yake najua kwamba kompyuta huandikiwa la kufanya mstari baada ya mstari, na ukikosea hata nukta moja, inagoma kama punda.

Cherehani hiyo ni yetu wawili, mimi na mshonaji mwenzangu Edith. Asubuhi anashona yeye, alasiri nashona mimi. Tuna kanuni moja tu: anayegusa skrubu ya kukaza uzi hufunga uzi mwekundu kwenye gurudumu, ili mwenzake akiketi ajue kuna kilichobadilishwa. Tulijifunza hilo kwa machozi, mwaka ule kola zote za kwaya zilipokunjamana kama majani ya kunde juani.

Jumanne moja Bitutu alifika, akaketi bila kuokota hata kipande kimoja cha kitambaa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefichwa ndani ya mkono wa sweta, kama kawaida yake. Alipokuwa mdogo aliunguzwa na uji, na vidole viwili vya mkono huo havikunjiki hadi leo. Hapendi watu wauone.

"Umegombana na nani?" nikamuuliza.

"Sijagombana na mtu, Nyanya. Kibodi yetu imeharibika."

Akanieleza pole pole. Yeye na rafiki yake Metrine walikuwa wakitengeneza programu ya siku za soko: ukiandika jina la mji, kama Ndhiwa, inakujibu siku ya soko lake. Ijumaa wangeipeleka kwenye mashindano ya shule huko Homa Bay. Walitumia kompyuta moja kwa zamu, Bitutu wakati wa mapumziko na Metrine baada ya chakula cha mchana. Siku hiyo Metrine aliandika sehemu ngumu kuliko zote. Kila baada ya mistari michache alibonyeza vitufe vya Ctrl na S pamoja, ambayo ni njia ya mkato ya kuhifadhi kazi. Stima ikapotea. Iliporudi, hakukuwa na hata mstari mmoja wa alioandika.

"Metrine alilia, Nyanya. Ryoba wa klabu yetu naye anacheka, eti kibodi imelogwa! Mwalimu Onsongo ameipuliza vumbi, akaigeuza, akaigonga. Anasema isipopona kufikia kesho, hatuendi Homa Bay. Hakuna nyingine."

Nikasimamisha cherehani. Mashine ikiruka mshono, mimi huwa siitukani. Huangalia sindano, halafu uzi, halafu skrubu, kimoja kimoja.

"Hiyo S ukiibonyeza peke yake, inaandika?"

"Inaandika."

"Na hiyo Ctrl, ukiibonyeza na herufi nyingine?"

"Inafanya kazi. Ukibonyeza Ctrl na C, inanakili."

"Basi vitufe ni vizima. Nani amegusa skrubu?"

Bitutu alitazama gurudumu la cherehani, pale uzi mwekundu wa Edith ulipokuwa ukining'inia. Machozi yakamtoka.

"Ni mimi, Nyanya. Mkono wangu hauwezi Ctrl na S. Leo wakati wa mapumziko nilifungua orodha ya njia za mkato kwenye ile programu ya kuandikia. Nikaiondoa hiyo, nikaweka Ctrl na L. L iko upande wa Ctrl ya kulia, kwa hiyo mkono mmoja unatosha. Sikumwambia mtu."

"Na ulijua lini kwamba ndiyo sababu?"

"Stima iliporudi," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nikisema, watajua mkono wangu unanishinda. Watanitoa kwenye timu."

Nilimwacha alie kwanza. Kisha nikamwonyesha kikanyagio cha cherehani.

"Unaona kipande hiki cha ubao? Nilikipigilia kwa sababu goti langu halishuki vizuri. Edith anajua kipo, na hajawahi kunicheka. Kujitengenezea njia inayokufaa si kosa, mama. Kosa ni kumwachia mwenzako mashine uliyoibadilisha, halafu unyamaze. Kesho kabla ya kengele useme mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Alisema. Mwalimu Onsongo mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye.

"Kumbe ni wewe!" Metrine alifoka. "Na ukanitazama tu nikilia!"

"Ni mimi. Nisamehe. Chukua zamu zangu zote."

"Sizitaki zamu zako!" Metrine akavuta pumzi. "Keti hapa, tuandike pamoja. Nakumbuka nusu yake."

Kwanza, mwalimu aliwaambia wafungue ile orodha. Wakatafuta neno "hifadhi", wakairudisha Ctrl na S mahali pake. Ndipo Metrine akagundua jambo jingine: Ctrl na L ndiyo aliyozoea kuchagulia mstari mzima. Amri mbili zilikuwa zikigombania vitufe vilevile, na moja ilikuwa imeimeza nyingine. Bitutu akaanza kujaribu, huku akiangalia orodha kila mara, mpaka akapata Ctrl na nukta-mkato, ambayo haikuwa na mwenyewe. Amri moja inaweza kuwa na njia mbili. Kwa hiyo Metrine akabaki na yake, Bitutu akapata yake, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake.

Ijumaa nilivaa gauni langu la Sabato, nikaenda Homa Bay. Mwamuzi, mama mmoja mwenye miwani, alizunguka meza yao mara mbili.

"Uzi huu mwekundu kwenye waya wa kibodi ni wa nini?"

Metrine alijibu kabla Bitutu hajafungua kinywa. "Ni alama kwamba kuna kilichobadilishwa, mama. Mabadiliko yenyewe ni haya hapa kwenye karatasi. Mwenzangu huyu anahifadhi kazi kwa mkono mmoja, na kwa huo mmoja ananishinda mimi mwenye miwili!"

Watu wakacheka. Bitutu naye akacheka, kisha akatoa mkono wa kushoto ndani ya sweta na kuuweka mezani, mbele ya wote. Mimi nikajifanya natafuta leso.

Walipata nafasi ya pili. Mwalimu Onsongo aliwakusanya wanafunzi wake nje ya ukumbi.

"Niliilaumu kibodi alasiri nzima," akasema, "na ilikuwa nzima. Kilichotuokoa ni ukweli. Badilisheni mambo ili yawafae, lakini mwenye kushiriki chombo na wenzake huwaambia alichobadilisha. Na akikosea, hukiri mapema, kosa likiwa bado dogo."

Jumapili asubuhi Edith alikuja kushika zamu yake. Akakuta cheti kimetundikwa juu ya cherehani, kimefungwa uzi mwekundu.

"Haya, nini kimebadilika hapa?" akauliza, akiinama kukagua skrubu.

"Acha skrubu," nikamwambia. "Ni mjukuu wangu."