Nati ya Nne

Landrova kuukuu ya Evaristo iligonga mwamba katikati ya korongo, ikalia kama mtu aliyevunjwa mfupa, ikainama upande.

Akashuka, akachungulia nyuma. Bolti ya katikati ya springi imekatika, ekseli imerudi nyuma, tairi limekwama kwenye bodi. Juu ya vilima vya Umatumbi wingu lilikuwa jeusi ti. Mvua ikishuka kule, korongo hili hujaa kabla hujamaliza sigara.

Wala wasingepita korongoni kama daraja lingekuwepo. Lilichukuliwa na maji masika ya mwaka juzi. Wakubwa wakaja, wakapima, wakala mbuzi wa watu, wakaenda zao.

Kwenye kiti, binti yake wa miaka minne, Rosalia, alikuwa anaungua homa mapajani mwa bibi yake, Consolata. Degedege limemshika mara mbili tangu alfajiri. Hospitali ya misheni Kipatimu ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Kwa miguu, ni mpaka kesho, na kesho yenyewe ya mtoto huyu nani aliijua?

"Kuna nini, mkwe?" Consolata aliuliza akitazama pembeni. Ni mama wa marehemu mke wa Evaristo, na miaka yote hiyo wawili hawa hawajawahi kukaa mkeka mmoja. Ndiyo adabu.

"Bolti, mama. Ya akiba ninayo. Nikifungua nati nne zinazoshika springi, tunaondoka."

Akainua gari kwa jeki, akajilaza chini. Nati tatu zikafunguka. Ya nne imeliwa pembe zote, imekuwa duara kama shanga. Fundi wa stendi aliikaza kwa spana ya milimita, na nati ni ya inchi! Nchi ilipofungulia biashara ya nje, spana za kila rangi zikamwagika, na waliofungua milango hawakujali zitaingia kwenye nati gani.

Akamimina mafuta ya taa. Akavuta. Spana ikateleza, ikamchuna vidole. Maji yakaanza kumlamba visigino.

"Anatakiwa mtu wa pili," akasema kwa aibu. "Ashikilie nyundo kubwa upande huu, mimi nigonge upande ule, kutu ipasuke. Lakini ni huku chini, mama. Bega kwa bega."

Consolata akamlaza mtoto, akakaza khanga kiunoni.

"Sogea. Marehemu akituona atacheka mpaka ajikojolee."

"Mkono wako, mama, nisije nika..."

"Gonga! Umetwanga mahindi miaka hamsini mkono huu."

Akagonga. Kutu ikawadondokea machoni, maji yakawaingia masikioni. Akashindilia spana ndogo zaidi kwa nyundo mpaka ikauma, halafu akaikaza nati.

"Unakaza tena? Una wazimu?"

"Ikisogea mbele kidogo, na nyuma itarudi."

Akairudisha. Ikalia kriii. Ikazunguka. Consolata akapiga kigelegele humo humo uvunguni. Bolti ya akiba ikaingia, nati zikarudi, gari likashushwa.

Walipopanda ng'ambo, korongo lilinguruma nyuma yao, likabeba jeki waliyoisahau.

Hospitali, Rosalia alichomwa sindano. Jioni jasho likamtoka, akafumbua macho.

"Bibi, mbona mchafu hivyo?"

Nesi akacheka, akaleta chai, kikombe kimoja. Mtu na mkwewe hawanywi chombo kimoja. Consolata akanywa nusu, akamnyooshea Evaristo.

"Kunywa, mwanangu. Inapoa."

Akanywa.