Nafasi ya Bibi Kitandani

Asubuhi hiyo Fundi alianika tena godoro uani. Alilifanya hilo kabla ya kuketi kwenye cherehani yake, kabla wateja hawajaanza kuja. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Binti yao alikuwa ameketi kizingitini, kimya. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Siku hizi hata salamu alijibu kwa kichwa.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Zamani nyumba ile ilikuwa na Bibi, mama mzazi wa Fundi. Kila jioni Bibi alipasha mafuta ya ufuta kidogo, akamlaza mjukuu wake kwenye kitanda walicholala pamoja, akamsugua nyayo polepole huku akimwimbia. Fundi naye alikuwa amekulia kwenye mikono ile ile. Akiwasikia wanavyocheka nyuma ya pazia, alikuwa akisahau uchovu wote wa kutwa. Siku zile zilikuwa tamu, na hakujua kwamba zinahesabika.

Kisha Bibi akaugua, akapelekwa hospitali, hakurudi. Wakati wa mazishi Chiriku alikuwa kwa shangazi yake. Aliporudi akauliza, "Bibi yuko wapi?"

Fundi aliinamia cherehani yake. "Bibi amesafiri," akasema.

Ikawa ndiyo hiyo hiyo. Nguo za Bibi zikafungiwa sandukuni na jina lake halikutajwa tena. Fundi alijikaza kisabuni. Alishona, akapika, akafua, wala hakuna aliyeona chozi lake.

Hapo ndipo Chiriku, msichana wa miaka saba, alipoanza tena kukojoa kitandani. Fundi alimnyima maji tangu alasiri. Alimfokea. Alimlazimisha kubeba shuka hadi bombani, watoto wenzake wakimzomea. Mambo yakazidi kuharibika. Mtoto akakonda, akakataa chakula, akakataa shule. Fundi akaona binti yake anamponyoka mikononi, akaingiwa na hofu.

Mteja wake mmoja akamwelekeza kwenye kliniki ya Ayurveda, tiba ya asili iliyoanzia India. Kliniki ile ilihudumia akina mama na watoto.

"Daktari, nataka dawa kali," Fundi alisema hata kabla ya kuketi. "Ameanza tena kukojoa kitandani, ingawa maji namnyima. Nataka ya kumkausha."

Tabibu, mwanamke mnene mwenye miwani, akamtazama. "Kumkausha? Mama, huyu ni mtoto, si shuka."

Fundi akacheka bila kupenda.

"Maji mpe," tabibu akaendelea. "Anywe vizuri mchana, jioni atataka kidogo tu. Kabla ya kulala mpeleke chooni. Na usimfokee wala kumwaibisha, maana hafanyi makusudi. Lakini leo simpi hata jani. Nendeni kwanza hospitali wakampime mkojo. Mtoto aliyekwisha acha, kisha akaanza upya, anaweza kuwa na maambukizi au kisukari. Hayo si ya kubahatisha kwa mitishamba."

"Kumbe na nyinyi mnawatuma watu hospitali?"

"Sana tu. Sisi tunamtazama mtu mzima mzima, anavyokula, anavyolala, na lililo moyoni mwake. Hospitali wana vipimo. Hatugombani."

Vipimo vilitoka safi. Waliporudi, tabibu akawapeleka chumba cha pili kwa mshauri, mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza watu wenye mizigo moyoni. Mshauri hakuuliza habari za mkojo. Alitandika mkeka, akampa Chiriku kalamu za rangi, akamwomba achore kitanda chake.

Chiriku akachora kitanda kikubwa, na yeye mwenyewe pembeni kabisa.

"Mbona umejibana ukingoni, mwanangu?"

"Huku kwingine ni kwa Bibi."

"Na ukibanwa na mkojo usiku?"

"Siendi." Chiriku alizungumza chini chini. "Bibi amesafiri. Baba naye anasafiri na lori lake, na huwa anarudi usiku. Bibi akikuta kitanda kitupu atadhani tumehama. Ataondoka tena."

Fundi aliutazama tena mchoro ule. Mtoto alikuwa akimlindia Bibi nafasi yake, na yeye alikuwa akimwadhibu kwa hilo.

"Mwambie ukweli, kwa maneno mepesi," mshauri alimnong'oneza. "Usiseme amesafiri, usiseme amelala. Mtoto hushika neno kama lilivyo. Na ukitaka kulia, lia. Atajua na yeye anaruhusiwa."

Fundi akapiga moyo konde, akamvuta binti yake karibu. "Mwanangu, nilikudanganya. Bibi hakusafiri. Bibi alikufa. Mwili wake uliacha kufanya kazi, na hatarudi."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

Wakalia wote wawili. Fundi alimlilia mama yake kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana tangu mazishini.

Walipokuwa wakiondoka, tabibu alimpa Fundi chupa ya mafuta ya ufuta. "Yapashe yawe vuguvugu tu, uyajaribu kwanza mkononi mwako. Haya hayazuii kukojoa. Ni ya kuwakalisha pamoja, mumzungumzie Bibi."

Walirudi kwa mshauri mara kadhaa. Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Asubuhi nyingine godoro lilianikwa, na hakuna aliyefoka. Kisha alfajiri moja Fundi akahisi mkono mdogo begani. "Mama, nipeleke chooni." Hakuwahi kufurahi hivyo kwa kuamshwa usingizini.

Jioni moja alikuwa akishona karibu na dirisha. Nje Chiriku alikuwa akiruka kamba na mtoto wa jirani.

"Bibi yako atarudi lini?" mtoto yule akauliza.

"Harudi. Alikufa," Chiriku akajibu, huku akiendelea kuruka. "Ngoja nikwambie alivyokuwa anakoroma."

Fundi akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani ili asikie vizuri.